Mazishi ya Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, wasema wahenga. Methali hii imewahimiza watu wengi kuandika, na kuandika kumeokoa mali nyingi. Lakini methali haikusema daftari lenyewe lifanyiwe nini likiisha kazi yake. Kila kilichoanza hakina budi kuwa na mwisho. Shamba huvunwa, nyumba hubomoka, na mwanadamu huzikwa. Karatasi nayo ina umri wake: hupewa kazi kwa wino, hutumika, huzeeka, na siku moja huwa mzigo kwa aliyeihifadhi. Siku hiyo ndiyo siku ya hatari, kwa sababu karatasi iliyokwisha kazi kwa mwenyewe huwa haijaisha kazi kwa mwivi.

Biashara yo yote, iwe duka, chama, hospitali au benki, hufika mahali pa kuuliza: karatasi hizi za siri zilizopitwa na muda wake zitaangamizwa na nani, na kwa njia gani? Watu hudhani kuwa swali hili ni la Dar es Salaam na miji mingine yenye maghorofa. Sivyo. Swali hili linakaa Masasi na Newala pia, na huko pengine lina uzito zaidi, kwa sababu mjini mtu hufichwa na wingi wa watu, na kijijini kila jina lina uso wake.

Masasi imeketi chini ya milima ya mawe, penye njia panda ya barabara ziendazo Lindi, Nachingwea, Tunduru na Newala. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mahali ambapo ardhi huanguka ghafula na macho hushuka mpaka bonde la Ruvuma. Upande mmoja wa ukingo huo huitwa Shimo la Mungu. Kati ya miji hiyo miwili, na kuizunguka, imesimama mikorosho. Korosho ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo mahari na ndiyo nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali.

Karatasi si ngeni katika nchi hiyo. Askofu Edward Steere, mtaalamu wa Kiswahili, alianzisha misheni ya Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani ambao walitoka Unguja. Mwaka 1882 mahali hapo pakashambuliwa, na misheni ikahamia Newala kwa muda. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, Masasi ikachomwa moto. Basi nchi hiyo ilijua mapema mambo mawili: kwamba maneno ya watu huweza kuwekwa juu ya karatasi, na kwamba moto hauulizi kilichoandikwa.

Leo korosho yenyewe ni zao la karatasi. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za Mtwara zilipoanza kuuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, chini ya Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005, kila gunia linatembea na maandishi yake. Mkulima hupeleka korosho katika chama chake cha msingi. Korosho hupimwa, jina lake huandikwa, kilo zake huandikwa, naye hupewa stakabadhi, na nakala hubaki kwa chama. Mzigo huenda katika ghala kuu, vyama vikuu kama TANECU ya Tandahimba na Newala huuza kwa mnada, na fedha hupelekwa benki katika akaunti ya mkulima. Kabla ya hapo kulikuwa na daftari la usajili wake na ukubwa wa shamba lake, na orodha ya salfa aliyopewa kwa kupigana na ubwiriunga. Msimu ukiisha, ofisi ndogo ya chama huwa imejaa maisha ya watu: majina, saini, alama za vidole gumba, nambari za simu, nambari za akaunti, kilo na shilingi.

Mpe katibu wa chama kama hicho miaka kumi, kisha fungua kabati lake. Majalada yamepandana mpaka darini. Mchwa wameingia kwa chini, mvua imeingia kwa juu, na panya wamejenga katikati. Mwenye ghala anataka nafasi yake. Kijana mmoja amekuja kuuliza kama karatasi zile zinauzwa kwa kilo, maana mwuza karanga anazihitaji. Halmashauri ya chama inamwambia katibu, “Tafuta namna ya kuziondoa.” Agizo hili ni fupi, lakini ndani yake pana mitego miwili, na kila mmoja unaelekea upande wake.

Mtego wa kwanza ni wa kufunua. Mnunuzi wa karanga Tanzania hashangai kuona kijaruba chake kimefungwa kwa karatasi ya mtihani wa mtoto au fomu ya ofisi. Hula karanga, husoma kidogo, hutupa. Lakini ikiwa fomu hiyo ina jina la mkulima, kilo zake, simu yake na akaunti yake, karanga zile zimenunuliwa kwa bei kubwa sana, na aliyelipa siye aliyekula. Mlanguzi wa kangomba, anayenunua korosho kwa kipimo cha kopo na kwa bei ya dhiki kabla ya mnada, hufaidika akijua nani huvuna kiasi gani. Tapeli wa simu hufaidika zaidi; hampigii mtu kwa kubahatisha, bali humtaja kwa jina, kwa chama na kwa kilo, na mtu akitajiwa siri zake huamini kwamba anasema na ofisi. Hata pasipo tapeli, kijiji kina wadeni, wajomba, washitiri na majirani. Anayejua fulani hulipwa kiasi gani na lini, anajua siku ya kwenda kumbishia hodi.

Mtego wa pili ni wa kuficha. Karatasi ile ile inayoweza kumwibia mkulima ndiyo inayoweza kumtetea. Hili lilionekana wazi mwishoni mwa mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakapewa kazi ya kuzisomba. Malipo yalitanguliwa na uhakiki: mkulima alitakiwa kuthibitika kuwa mkulima, na korosho zake kuwa zake wala si za kangomba. Katika saa kama hiyo maneno matupu hayana nguvu. Anayesema “nilipeleka kilo 400” huulizwa, “Ziko wapi hati zako?” Kama nakala yake imeliwa na mchwa na nakala ya chama imetiwa moto, amebaki na kiapo peke yake. Tena katika ushirika hakuna moshi unaotia shaka kuliko moshi wa daftari. Upungufu wa fedha ukisikika leo na majalada yakichomwa kesho, hakuna atakayesadiki kuwa yalichomwa kwa ajili ya kuhifadhi siri za wakulima. Na pengine watakuwa na haki ya kutosadiki.

Historia ya nchi hii ina mfano mkubwa wa jambo hili. Mwezi wa Mei 1961, miezi michache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, Iain Macleod, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alitoa mwongozo kwamba serikali mpya za makoloni zisirithi karatasi zinazoweza kuiaibisha Serikali ya Uingereza au kuwafichua watu waliokuwa wakiipelekea habari. Karatasi zingine zilisafirishwa kwa siri mpaka Uingereza, na zingine ziliangamizwa. Maagizo yalikuwa kamili: zilizochomwa ziwe majivu, na majivu yapondwe, na mahali pasipofaa moto, zitiwe katika masanduku yenye uzito na kuzamishwa katika kilindi cha bahari kisicho na mkondo. Majalada yaliyofichwa, ya Tanganyika yakiwa miongoni mwake, yalijulikana kwa watu mwaka 2011 tu, wazee wa Mau Mau wa Kenya walipoishitaki Serikali ya Uingereza mahakamani London. Zile zilizokuwa majivu hazikurudi. Kwa ufundi, kazi ile ilifanywa vizuri kabisa. Kwa haki, ilifanywa vibaya kabisa, kwa sababu mwenye kuamua nini kife alikuwa ndiye mwenye kuogopa kitakachosemwa.

Kwa hiyo mwenye kuchagua mtu au kampuni ya kuangamiza karatasi asianze kwa kuuliza bei ya mashine. Na aanze kwa kuuliza: ni karatasi gani zina ruhusa ya kufa, na nani ametoa ruhusa hiyo? Sheria imesema maneno yake. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 yataka kumbukumbu za kodi zihifadhiwe miaka mitano kwa uchache. Hesabu za chama cha ushirika ambazo hazijakaguliwa si za kuguswa, hata kama kabati limepasuka. Nyaraka za ofisi za umma zina sheria yake ya mwaka 2002, na hakuna mkuu wa ofisi awezaye kuziangamiza kwa hiari yake. Kwa upande wa pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yakataza kushika habari za mtu kupita muda unaohitajika kwa kazi iliyokusudiwa. Na sheria hiyo hiyo yahesabu kuwa ni kosa kuziharibu kinyume cha sheria. Basi katibu amesimama kati ya makosa mawili, kuweka mno na kuharibu mapema. Njia ya kupita katikati ni orodha: jalada gani, la mwaka gani, limekaguliwa lini, umri wake wa sheria umetimia lini. Orodha hiyo isomwe mbele ya wanachama, na mwenye deni, dai au kesi apewe nafasi ya kusema, “Hilo liacheni kwanza.”

Pana jambo dogo la kukumbukwa hapa. Risiti za mashine za kodi haziandikwi kwa wino bali kwa joto, na maandishi yake hufifia. Zingine hufa zenyewe kabla ya miaka mitano, bila shahidi na bila ruhusa. Mwenye busara hutoa nakala zake mapema.

Orodha ikipita, ndipo ije zamu ya njia. Uwandani pana njia nne zinazofikiriwa. Ya kwanza ni moto, nao ni rahisi kuwasha kuliko kuumaliza. Karatasi zilizofungwa pamoja huungua kandokando, na katikati hubaki kurasa za kusomeka. Na upepo wa Newala ukiamka, kurasa hizo huruka juu ya ua na kwenda kutua shambani kwa mtu. Wakati wa kiangazi, majani makavu yakiwa chini ya mikorosho, moto wa daftari huweza kuwa moto wa shamba. Ya pili ni kulowesha mpaka karatasi ziwe rojo. Njia hii huua maandishi vizuri, lakini juu ya uwanda ambao kwa miaka mingi watu walifuata maji ya kunywa mabondeni, si heshima kuyamwagia majalada. Ya tatu ni kununua mashine ya kuchana karatasi. Ya nne ni kukodi kampuni yenye kazi hiyo, ambayo aghalabu itatoka mbali, mjini.

Mashine si sawa zote, na hapa wanunuzi wengi hudanganyika. Zile za bei ndogo hukata karatasi kuwa riboni ndefu. Mwaka 1979, ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulipotekwa, siri zake zilikuwa zimechanwa kuwa riboni za namna hiyo. Wairani, wakisaidiwa na wafumaji wa mazulia, walizipanga riboni moja kando ya moja mpaka zikasomeka, na zikachapwa kuwa vitabu. Ujerumani ya Mashariki ilipoanguka miaka ya 1989 na 1990, askari wa siri walirarua majalada kwa mikono yao. Yalipatikana magunia 16,000 hivi, na tangu mwaka 1995 kazi ya kuyaunganisha ikaanza. Mikono yenye subira hushinda mkasi mvivu.

Kwa ajili hiyo Wajerumani waliweka ngazi saba za kukata karatasi, na ngazi hizo zimekuwa kipimo cha mataifa. Ngazi ya pili huruhusu riboni za upana wa milimita 6. Ukurasa mmoja wa kawaida wa A4 hutoa riboni 35, ambazo mtoto wa shule mwenye gundi aweza kuziunganisha kwa alasiri moja. Ngazi ya nne hutaka kipande kisizidi milimita za mraba 160; ukurasa ule ule hutoa vipande 390 hivi. Ngazi ya tano hutaka kipande kisizidi 30, yaani vipande zaidi ya 2,000 kwa ukurasa. Kwa majina na akaunti za wakulima, ngazi ya nne yatosha. Chini yake ni kujidanganya. Kampuni isiyoweza kueleza ngazi ya mashine yake haijui inachouza.

Kisha ifanywe hesabu ya mzigo. Chukua chama chenye wanachama 600, na kila mmoja alete korosho mara tano kwa msimu. Hizo ni nakala 3,000 kwa msimu, na 15,000 kwa misimu mitano. Zikiwa za ukubwa wa A4 ni rimu 30, uzito wa kilo 75 hivi, usiojaza hata pikapu. Lakini mashine ya mezani inayomeza karatasi nane kwa mara moja italishwa mara 1,875, itapata joto, itapumzishwa, na umeme nao utataka kupumzika. Kwa mzigo huo kununua mashine kubwa ni israfu, na kuita gari kutoka Dar es Salaam kwa chama kimoja ni israfu nyingine. Busara iko katika neno ambalo vyama hivi vilijengwa juu yake: ushirika. Vyama kumi vikiweka siku moja, gharama ya gari au ya mashine hugawanyika, na mashahidi huongezeka.

Ikiwa kampuni itaitwa, yafaa ipimwe kwa maswali ya mtu aendaye kumkabidhi mwenziwe mtoto. Je, itakata pale pale mbele ya wenye mali, au itabeba kwenda kukata kwingine? Kukata pale pale ni bora. Barabara ya Mtwara, Newala na Masasi ina kilomita 210, na mpaka Dar es Salaam ni mamia mengine. Gunia la siri likilala njiani usiku mmoja, nani amelala nalo? Ikiwa hapana budi kubeba, magunia yafungwe kwa lakiri yenye nambari, yapimwe uzito yakiondoka na yapimwe tena yakifika, na kila mkono unaopokea utie saini. Je, wafanyakazi wake wanajulikana, na kampuni imejiandikisha kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi? Je, mkataba umeandikwa, na umetaja nani atajibu siri ikivuja? Kwa sheria, aliyekusanya habari za watu haondokewi na jukumu kwa kumpa mwingine gunia. Je, vipande vitakwenda wapi: kiwandani kutengenezwa karatasi mpya, au jalalani? Na mwisho, kampuni itatoa cheti cha kuangamiza, kinachotaja tarehe, mahali, uzito, ngazi ya kukata na majina ya walioshuhudia? Cheti kisichotaja haya ni karatasi nyingine ya kufungia karanga.

Wala mtu asidhani kuwa karatasi ikikatwa mambo yamekwisha. Msimu wa 2024/2025 minada ya korosho ilianza kuendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, na orodha nyingi sasa hukaa katika kompyuta, katika simu ya karani na katika vijiti vya kumbukumbu vinavyopita mkono kwa mkono. Kompyuta mbovu iliyouzwa kwa fundi huweza kuwa na wakulima wote wa kata ndani yake. Kufuta jina katika kioo ni kama kung’oa kibao cha nyumba. Nyumba bado ipo. Chombo cha kumbukumbu hakina budi kusafishwa na ajuaye, au kupondwa kama karatasi inavyokatwa, na kuingizwa katika cheti kile kile.

Haya yote yana gharama, na mkulima ndiye mlipaji, kwa kuwa fedha za chama ni makato ya kilo zake. Ndiyo sababu ya kumwita ashuhudie. Na asimame mzee mmoja wa kijiji, mama mmoja mwenye shamba, na kijana mmoja ajuaye kusoma mizani. Walinganishe magunia na orodha, waone kipande cha mwisho kikitoka, watie saini au kidole gumba. Mashine huua maandishi, lakini haiwezi kuua shaka. Shaka huuawa na macho ya wenye mali.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Chama cha msingi ni kata ya mitungi mingi: kinajua ni nani aliyevuna, ni nani aliyekosa, na ni nani aliyeuza kwa kopo kwa sababu mtoto wake aliugua kabla ya mnada. Ujuzi huo kilipewa kwa amana. Amana ina siku ya kuwekwa na siku ya kurudishwa, na ikiwa haiwezi kurudishwa, ina siku ya kuzikwa. Maiti hazikwi usiku na mtu mmoja aliye peke yake, ila pale ambapo pana jambo la kufichwa. Daftari la watu nalo lizikwe mchana, watu wakiwapo, na lililobaki kaburini liwe vipande ambavyo hata mfumaji wa mazulia hatavipanga tena.